Mtego Usio na Alama

Asubuhi za Irambo huanza na kikohozi cha Koko Anastasie. Jogoo wa jirani hujitahidi sana, lakini bibi huyo humtangulia kila siku. Nadine akimsikia tu, huamka, hupuliza makaa, huteleka maji ya uji, kisha hubeba bidoni ya njano na kushuka kijitoni. Mama yake alikuwa amekwenda Mushaki kumtunza dada yake aliyejifungua. Kwa hiyo Nadine, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa mama wa nyumba, mpishi na muuguzi, na bado alitakiwa awahi shuleni kabla kengele haijalia.

Irambo ni kijiji kidogo kilicho mahali milima ya Masisi inapokwisha na msitu wa Walikale unapoanza. Huku ni mihogo na maharage, kule ni miti mirefu isiyohesabika, na katikati hupita kijito cha Luhini. Wanakijiji walikuwa wamekubaliana kwamba ng'ambo ya Luhini ni nyumba ya wanyama. Huko hakuna kukata miti, hakuna kuchimba madini kama wanavyochimba Omate, na hakuna kutega. Upande wa huku mtu aliruhusiwa kuwatega ndezi, wale panya wakubwa wa porini, waliomlia mihogo yake, lakini kwa kamba tu. Waya ulikatazwa kabisa, kwa sababu kamba hukatika mnyama mkubwa akivuta, na waya haukatiki.

Baba yake Nadine, Papa Akilimali, zamani alikuwa mwindaji hodari kuliko wote. Sasa alikuwa mkuu wa mapistere, watu wanaofuata nyayo za gorila kila siku ili kujua kama wako salama. Gorila wa kule walikuwa wamemzoea. Dume lao kubwa, ambalo wanakijiji waliliita Papa Mukubwa kwa heshima na kwa woga, lilimtazama tu Akilimali akipita, kama mtu anayemtazama jirani asiyempenda sana.

Mitego ya Irambo ilikuwa na desturi yake. Kando ya kila mtego mwenyewe hufunga jani lililokunjwa, juu ya kijiti, mahali pa kuonekana. Jani hilo humwambia mpita njia asikanyage hapo, na tena humwambia mtego ni wa nani ili jambo baya likitokea, mwenyewe aulizwe. Kila ukoo una mkunjo wake. Ule wa Akilimali ulikunjwa mara mbili, ukachomwa kijiti, na ncha ikaachwa ining'inie chini. "Mutego bila alama iko mutego wa mwizi," watu husema.

Ufundi huo hufundishwa wavulana. Lakini Akilimali hakuwa na mtoto wa kiume, na vidole vya Koko Anastasie havikupenda kukaa bure. Siku za mvua, kando ya moto, alimfundisha Nadine kupinda ufito, kufunga tanzi na kukunja jani. Papa Akilimali hakujua lolote. Walimficha siri hiyo, wakaichekea wawili hao kama watoto wa rika moja.

Kisha Koko akaanza kukataa chakula. Aliusukuma ugali wa mihogo, akayasukuma maharage, akabaki kukohoa tu.

"Koko, utakula nini basi?" Nadine aliuliza, machozi yakimlenga.

"Nyama ya ndezi, mujukuu wangu. Kipande kimoja tu. Meno iko inaniruhusu bado."

Nadine alitega shambani kwa kamba, siku baada ya siku, asipate kitu. Nyayo za ndezi zilivuka zote kwenda ng'ambo, kana kwamba nao walikuwa wameisikia ile sheria. Nyuma ya nyumba kulikuwa na gunia la waya ambazo mapistere walizing'oa msituni. Nadine alilitazama gunia lile kwa siku kadhaa. Mwishowe, alasiri moja baada ya masomo, alichomoa nyaya mbili za breki ya pikipiki, akavuka Luhini.

Mtego wa kwanza aliutega vizuri, na mkono wake ukakunja jani wenyewe bila kumwuliza. Wa pili aliutega mbele zaidi, penye matungulu mengi, yale matunda mekundu yanayoota chini ambayo watoto na gorila huyapenda sawasawa. Alipokuwa anatafuta jani la alama, akasikia sauti za mapistere wakirudi. Alitimua mbio. Kambambili moja, ya rangi ya buluu, ilimvuka mguuni akaiacha hukohuko. Nyumbani alimwambia Koko kwamba imechukuliwa na maji.

Alikusudia kuitazama mitego yake asubuhi iliyofuata, lakini mapistere walikuwa wamejaa kando ya Luhini. Siku ya pili yake vilevile. Siku iliyofuata, Papa Akilimali alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Aliketi kizingitini bila hata kuvua buti.

"Mapendo amekamatwa na waya," alisema. "Ameng'oa ufito, amekimbia na waya kwenye mukono. Mutoto mudogo vile! Nimesikia analia, mamake analamba ile kidonda, na mimi siwezi kufanya kitu."

Mapendo alikuwa gorila mdogo kuliko wote katika kundi la Papa Mukubwa. Nadine alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini polepole.

Mkutano uliitishwa alasiri hiyo kwenye uwanja wa kanisa. Nadine alisimama nyuma na rafiki yake Astrid. Papa Émile, mwenyekiti wa kamati ya msitu, mtu mpole asiyependa kelele, aliinua kitu juu ili kila mtu akione. Lilikuwa jani lililonyauka, limekunjwa mara mbili, ncha ikining'inia.

"Papa Akilimali, tumepata hii pale mutego ulikuwa. Alama iko ya nani?"

"Iko ya kwetu," Papa Akilimali alijibu bila kusitasita.

"Ni wewe ulitega?"

"Hapana."

"Basi ni nani?"

"Sijue. Baba yangu alishakufa. Mimi peke yangu njo niko naijua."

Manung'uniko yakaenea. Mzee Habineza, ambaye siku zote alitamani mwanawe apewe kazi ya upistere, alipaza sauti: "Tulimupa fisi alinde nyama! Miye nilisema, mukakataa!" Watu wengine walicheka, na kicheko hicho kilimchoma Nadine kuliko matusi. Alitaka kusema. Badala yake akasogea nyuma ya Astrid.

"Uko na homa?" Astrid alimnong'oneza. "Unatetemeka."

"Baridi tu," Nadine akajibu. Jua lilikuwa linawaka.

Papa Émile alisema kwa uchungu kwamba mpaka mwenye mtego ajulikane, Akilimali asivuke Luhini. Papa Akilimali alivua koti la kijani la mapistere, akalikunja, akaliweka mezani, na buti juu yake. Akaondoka peku mbele ya watu wote.

Wakati huohuo pikipiki ikaingia uwanjani imejaa matope. Alikuwa Daktari Brigitte, mganga wa wanyama, ametoka Walikale mjini baada ya kupigiwa simu na mapistere. Hakupoteza muda hata wa kunywa maji.

"Ule waya unazidi kukaza kila anapouvuta," alieleza. "Tusipoutoa kesho asubuhi, mukono utaoza, na mutoto atakufa. Kesho watakuwa wapi?"

Pistere kijana aitwaye Darius ndiye aliyejibu: "Kwenye matungulu, Daktari. Wanafika pale kila yanapoiva. Nitaongoza mimi, kama Papa Akilimali hayupo."

Kwenye matungulu! Kulikuwa na mtego wa pili hapo, umepinda, unangoja, na hakuna jani la kumwonya mtu. Darius angetia mguu. Au gorila mwingine angetia mkono. Na hakuna mtu duniani aliyejua ila Nadine.

Alifika nyumbani akamkuta Koko Anastasie ameketi wima kitandani, habari zote anazo. Habari za Irambo hazihitaji miguu.

"Njoo hapa," Koko alisema. "Ile alama inajulikana na batu batatu. Wa kwanza ni baba yako, na yeye hasemake uongo. Wa pili ni mimi, na miguu yangu haifike hata mulangoni. Sasa uniambie wewe wa tatu."

Nadine akapiga magoti, akaangua kilio. "Nilikuwa nakutafutia ndezi, Koko!"

"Nilitaka ndezi. Sikutaka mwanangu, baba yako, achekwe kama mwizi. Nilikufundisha kuweka jina, sikukufundisha kuweka jina kisha ukimbie."

"Koko, kuko mutego wa pili. Kwenye matungulu. Na hauna alama."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Koko alisahau hata kukohoa. Akamsukuma mjukuu wake begani kwa nguvu ambazo Nadine hakujua kama bado anazo. "Enda! Sasa hivi! Usingoje hata kupanguza machozi."

Papa Akilimali alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi karibu na gunia la waya. Nadine alisema yote kwa mkupuo mmoja, asije akakwama katikati: gunia, nyaya, jani, matungulu, hata kambambili. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na Nadine alitamani angepiga. Aliinuka, akamshika mkono.

"Twende kwa Papa Émile," alisema. "Huko utasema tena."

Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu zaidi, kwa maana Papa Émile, Daktari Brigitte na Darius waliacha kula wakamkazia macho. Alipomaliza, Darius alitazama miguu yake mwenyewe kama anayeiaga. Papa Émile alivuta pumzi.

"Mambo ya azabu tutaongea nyuma," alisema. "Akilimali, chukua koti yako. Unisamehe. Na huyu mutoto atakuja, atuonyeshe."

"Lakini wote tutavaa barakoa, na yeye atabaki mbali," Daktari alisema kwa ukali. "Nyumbani kwao kuko kikohozi. Mafua yetu kwa gorila ni kifo."

Alfajiri walivuka Luhini wakiwa wanne: Papa Akilimali mbele, bado peku, Nadine nyuma yake, kisha Daktari na Darius. Papa Émile alibaki kijijini kumwomba Mungu, kazi ambayo alisema anaiweza zaidi. Maji yalikuwa baridi ya kuuma. Msituni ukungu ulikuwa bado umelala kati ya miti. Walifika mahali pa mtego wa kwanza. Shimo la ufito uliong'olewa lilikuwa wazi, na damu imekaukia majanini. Nadine aliitazama damu ile, asitake kuitazama, na akaendelea kuitazama.

Mbele zaidi Papa Akilimali aliinama, akagusa kinyesi cha gorila. Kilikuwa bado cha moto. Maganda mekundu ya matungulu yalitapakaa kila mahali. Gorila walikuwa wamewatangulia.

"Ni wapi?" baba alinong'ona.

Nadine alitazama. Majani yalifanana. Miti ilifanana. Siku ile alikuwa na haraka na hofu, na sasa hakukuwa na jani lililokunjwa, wala ncha iliyoning'inia, wala chochote cha kumwambia "ni hapa". Mtego uliofichika machoni pa watu ulikuwa umefichika hata machoni pake mwenyewe.

"Papa, sioni! Sikumbuki!"

"Usilie. Ulipokimbia, uliacha nini?"

"Kambambili. Ya buluu."

Wakasimama, wakaitafuta buluu katikati ya kijani kile chote. Vichaka vikatikisika ng'ambo ya matungulu. Akatokea jike mmoja, akatokea mwingine, na nyuma yao akaja Mapendo, akitembea kwa miguu yake na mkono mmoja, ule mwingine ameubana kifuani. Kipande cha waya kilining'inia. Alisimama ghafla. Alikuwa ameona kitu kinachong'aa majanini, akakinyooshea ule mkono wake mzima.

"Ile pale!" Nadine alisema kupitia barakoa. "Papa, ile njo kambambili! Mutego uko mbele yake kidogo!"

Papa Akilimali hakufikiri mara mbili. Alitoa mgurumo mzito wa kooni, ule ambao gorila huambiana nao kwamba mambo ni salama, akasogea akiwa ameinama, fimbo ndefu mkononi. Aliisukuma fimbo kwenye majani, akatafuta, akasukuma tena. Mapendo alikuwa amebakisha kidogo tu kuigusa kambambili.

Fyaa! Ufito uliruka juu ukibeba fimbo ndani ya tanzi la waya.

Majike walipiga mayowe, na msitu ukapasuka. Papa Mukubwa alitoka mbio, amejaa njia nzima, akivunja miti kama mabua ya mahindi. Nadine aliona meno. Darius alimvuta chini, akamwinamisha kichwa. Lakini Papa Akilimali hakukimbia. Alijikunja chini, macho ameyaelekeza ardhini, akaendelea na ule mgurumo wake wa amani. Dume lilisimama mbele yake karibu kabisa, likapiga kifua, likang'oa mche, likautupa. Nadine aliuma kidole chake ili asimwite baba. Kisha Papa Mukubwa alipumua kwa kishindo, akageuka, akaondoka polepole kama aliyeshinda kesi.

Mapendo hakuweza kukimbia na wengine. Aliketi amechoka, na hapo Daktari Brigitte akapata nafasi. Alimpiga sindano ya usingizi kwa bunduki yake maalumu. Wanaume wawili walisimama mbele kumzuia mama yake kwa matawi na maneno ya upole. Waya ulikuwa umezama hadi kwenye mfupa. Daktari aliukata, akaosha, akashona. Kutoka mbali, Nadine alimwona akitikisa kichwa, na moyo ukamfa. Kumbe Daktari alikuwa akisikitikia jambo dogo kuliko lile alilolihofia Nadine.

"Vidole viwili nimevikosa," aliwaambia baadaye, walipokwisha kuvuka. "Mukono umepona. Tungechelewa siku moja tu, tungekosa mukono na mwenyewe."

Nadine alifurahi, tena akalia. Vidole viwili vya Mapendo havingerudi, hata aseme kweli mara ngapi.

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza. Nadine alisimama pale mbele, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mutego ni wangu. Papa wangu hakujua. Aliitikia pahali pangu." Mzee Habineza ndiye aliyeinuka kwanza, akazichukua buti za Akilimali zilizokuwa bado mezani, akampelekea kwa mikono miwili. Hakusema pole, wengine pole huwashinda. Lakini kila mtu alimwelewa.

Kamati iliamua kwamba Nadine, kila Jumamosi, atawafuata mapistere kung'oa waya upande wa mashamba, na watoto wa darasa lake waende naye. Kisha Papa Émile akajikuna kichwa, akaongeza: "Na sisi batu wa kamati tuko na kosa. Tulisema 'musitege', hatukuuliza wazee watakula nini." Akatoa kapu lililokuwa chini ya meza. Ndani yake kulikuwa na kobayi wawili, wale wanyama wadogo wa kufugwa jikoni ambao huzaana haraka, dume na jike, kwa ajili ya Koko Anastasie. Familia nyingine zenye wagonjwa na wazee zikaahidiwa watoto watakaozaliwa.

Miezi ilipita. Kobayi walizaa, na Koko akapata kipande chake. Alikula chote, akalamba vidole, kisha akalalamika kwamba si ndezi. Nadine alipomsikia analalamika, alijua kwamba bibi yake anapona.

Lakini kabla ya hayo, Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano, Nadine na wenzake walirudi kutoka mashambani na gunia limejaa waya. Papa Akilimali alililaza mlangoni mwa shule, mahali pa kukusanyia. Akachuma jani pana kando ya njia, akampa binti yake.

"Kunja."

Nadine alisita. "Mimi, Papa? Mbele ya batu?"

"Kumbe ulikunja vizuri kuliko mimi," baba alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akatabasamu. Kisha uso wake ukawa mzito tena. "Sikiliza, mwanangu. Kuvuka Luhini lilikuwa kosa, na Mapendo amelilipa kwa vidole vyake. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe ulichuma, mimi nikala, yule mutoto wa gorila akala. Lakini kosa linaloua ni lile ambalo mwenyewe hataki kuliitikia, kama ule mutego wa pili. Alama yetu haikuwekwa ili tusifiwe. Inasema: mukiona kitu, muniulize mimi. Ukiiweka, basi uwe tayari kuulizwa."

Nadine alikunja jani mara mbili, akalichoma kijiti, akaacha ncha ining'inie chini. Akalifunga kwenye mdomo wa gunia, mahali ambapo kila mpita njia angeliona.